Jua la Bati

Fiati alipewa mtaa.
Hadi leo mwambie bodaboda "Mafiati",
atakufikisha, wala hatakuuliza maana yake.
Albioni hakuachiwa hata kona,
hata dimbwi la oili chafu liitwe kwa jina lake.

Basi naandika mimi, Angolwisye,
utingo wa gari lililokuwa na jua usoni.

Juu ya rejeta, jua la bati,
nusu limezama, miale imenyooka
kama vidole vya mtoto anayejifunza kuhesabu.
Waskoti waliolitengeneza, alisema dereva Kasyupa,
waliapa kuwa gari lao ni la hakika kama macheo.
Nami nikikimbia nyuma yake Kitonga,
gogo la muwati mikononi,
tayari kulitupa chini ya tairi gia itakapogoma,
niliamini.

Mbolea hadi Mbozi, kahawa kurudi.
Injini haikupiga kelele. Ilikohoa,
kama karani wa misheni kabla ya kusoma barua.

Kisha spea zikaanza kuwa hadithi.
Mwanzo lilikuja sanduku,
halafu barua, halafu barua fupi.
Fundi Asajile alikuwa na kitabu kilicholowa girisi,
kila chuma na namba yake kama mwanafunzi wa bweni.
Akanakili namba ya beringi kwa mwandiko wa kanisani,
akabandika stempu ya twiga,
akangoja masika, akangoja mavuno.
Jibu lilifika na jina jingine kichwani mwa karatasi,
lile la zamani limekatwa kwa wino.
"Wamemezwa na ndugu yao," alisema,
"na ndugu mwenyewe anatapika."

Sikujua kwamba huko kwao
watu wenye kucha nyeusi kama zetu
walikuwa foleni wakirudisha funguo za makabati.
Nilidhani kampuni ya Wazungu ni kama Loleza:
huwezi kulala, ukaamka, mlima haupo.

Asajile akawa anavua maiti kuvisha wagonjwa.
Springi za Bedfodi. Pampu ya trekta la Uyole.
Boliti alizichonga mwenyewe kwa tupa,
usiku, kwa taa ya chemli, akitukana taratibu.
Kufikia mwaka wa themanini na mbili
gari lile lilikuwa Albioni
kama mimi nilivyo Mskoti.
Ila jua lilibaki. Kasyupa alilifuta kila asubuhi
kwa mkono wa shati lake.

Ekseli ilikatikia Igawa.
Siku kumi na moja tulikaa kando yake
tukila mahindi ya kuchoma,
mpaka mwenye mali akatuma neno: liacheni.
Kasyupa aling'oa betri, akapandisha vioo,
akafunga milango yote miwili kwa ufunguo.
Sikumwuliza ufunguo ni wa nini.

Springi zikawa majembe. Injini
aliinunua Tupokigwe wa Ilembo, akaifunga kinu,
ikasaga miaka tisa
unga wenye harufu kidogo ya dizeli.
Wanawe wawili ni walimu. Silinda sita ndizo zilizolipa ada.

Sasa nina duka la spea, hapo hapo Mafiati.
Nauza za Kichina. Ndiyo, najua.
Malori yao yanapanda Mlima Nyoka bila utingo, bila gogo,
yanashusha pumzi ya breki kama wapangaji waliochoka.
Ukiagiza leo, kesho kutwa umepata.
Namba zake sizikariri.

Lile jua nimelipigilia kwenye banda la kuku.
Juni, ukungu ukikataa kuondoka hadi saa nne,
ndilo jua pekee uani kwangu;
jogoo hulipanda kwa kucha na kuwika.
Miale miwili imeliwa na kutu.
Jana mjukuu alihesabu iliyobaki,
akauliza: babu, hili linachomoza au linazama?
Nililitazama muda mrefu.
Nikamtuma maji.